Mwaka wa kwanza wa sayansi chuoni, Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, wanafunzi wapya wakishuka stendi za Nyegezi na Nyamhongolo na bandarini na mabegi yao, maswali huwa ni yale yale. Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa usiku wa manane, na mara nyingi zaidi nikiwa nimekaa na mtu kwenye benchi la mama ntilie. Nimeyaweka hapa ili yule anayeona haya kuuliza ayakute yamejibiwa.

Mimi nilitokea Ukerewe nikaja kusoma sayansi ya maabara ya tiba. Mengi niliyoandika yanamhusu pia anayesoma udaktari, famasia, uuguzi, ualimu wa sayansi au uvuvi. Pale kanuni zinapotofautiana, kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako ndicho chenye neno la mwisho. Kitafute wiki ya kwanza na ukisome.

## Kufika na kukaa

1. Nifike Mwanza siku ngapi kabla ya usajili?

Mbili au tatu. Anayetoka Sengerema, Geita au Chato siku hizi anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za lami juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025. Kusubiri pantoni kumekwisha. Wa Ukerewe na Bukoba anayekuja kwa meli aulizie ratiba mapema, maana ukikosa meli ya leo umepoteza siku nzima.

Njoo na vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha ndogo za kutosha na fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa mhuri huko huko kwenu. Piga picha kila karatasi uihifadhi kwenye simu. Fomu ya afya ndiyo inayowarudisha watu wengi kutoka dirishani.

2. Nikae hosteli au nipange?

Ukipata hosteli, chukua, walau kwa mwaka huu mmoja. Sababu yangu si bei. Mwanafunzi wa sayansi wa mwaka wa kwanza anahitaji mtu wa kumgongea mlango saa nne usiku amuulize, "Hivi wewe umeelewa ile hesabu ya ukolezi wa myeyusho?" Aliyepanga peke yake mbali na wenzake hulala na swali lake, na asubuhi ameshalizoea.

Ukilazimika kupanga, kumbuka mji huu umekaa juu ya mawe. Chumba cha mlimani kina upepo mzuri na ziwa lote unaliona, lakini maji hayapandi kila siku. Muulize jirani, usimuulize dalali, bomba hutoa maji siku zipi. Uliza kama mita ya Luku ni ya chumba chako peke yako au mnachangia. Ipite njia ya kwenda chumbani baada ya giza kuingia kabla hujatoa hela, hasa wewe dada utakayekuwa unatoka maabara jioni. Na usitume kodi kwa simu kwa ajili ya chumba ambacho hujakiona kwa macho yako.

3. Ninunue nini kabla ya kuanza?

Koti jeupe la maabara la mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole, kikokotoo cha kisayansi, madaftari. Vitabu vikubwa usinunue kwanza. Nenda maktaba, uone mhadhiri anatumia kipi, halafu uamue. Kompyuta mpakato inasaidia lakini mwaka wa kwanza unaweza kuumaliza bila hiyo. Mimi niliumaliza.

4. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, linatosha?

Linatosha kwa anayelipangia kabla halijaingia. Kiwango cha juu cha fedha za chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku, na fedha hizo huja kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki tatu, hizo zinaonekana nyingi mno. Simu mpya hununuliwa wiki ile ile, na wiki ya sita mtu anakopa unga.

Ninavyoshauri: toa kodi na nauli kwanza, toa hela za chakula cha wiki mbili za ziada uzifiche mahali pagumu kufikia, kwa sababu fungu linalofuata linaweza kuchelewa. Kinachobaki gawanya kwa siku. Kupika kunaokoa sana. Dagaa wa Kirumba, mchicha, nyanya na unga vinawalisha wawili siku nzima kwa hela ambayo mmoja angemaliza kwa chipsi. Dagaa ana protini ya kweli, usimdharau kwa sababu ulikula sana utotoni.

Aliyekosa mkopo, au aliyepata kidogo, afuatilie tangazo la dirisha la rufaa na aandae vielelezo vyote mapema. Na tuambiane ukweli, huu ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe.

5. Nyumbani wanajua nina bumu na wananiomba hela. Nifanyeje?

Hili huwa naulizwa kwa sauti ya chini. Mdogo wako amekosa ada, mama anaumwa, nawe una laki nne kwenye akaunti. Siwezi kukuambia usitume. Mimi nilituma, mara mbili, na mara ya pili nilikaa siku tisa nikila mlo mmoja wakati wa tesiti.

Kilichonisaidia ni kumpigia mama na kumsomea hesabu yote kwa sauti: kodi hii, nauli hii, chakula hiki, zinabaki hizi. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi mwanangu, soma." Nyumbani wengi hawajui kwamba ile hela ni ya kula. Waambie kiasi kamili, usiwaache wakisie.

## Darasani

6. Shuleni nilikuwa wa kwanza. Mbona hapa sielewi kitu?

Kwa sababu kila aliyekaa kwenye benchi hilo alikuwa wa kwanza kwao. Yule wa Tarime, yule wa Kahama, yule wa seminari, yule wa shule ya kata aliyesoma kwa taa ya chemli: wote waliitwa kichwa. Ulichopoteza ni nafasi kwenye foleni. Akili yako iko pale pale.

Pili, kasi. Mada ambayo kidato cha sita mngeila kwa mwezi, hapa inapita kwa vipindi vitatu. Bayokemia ya mwanzo inaweza kukupitisha kwenye glikolisisi Jumatatu na mzunguko wa Krebs Alhamisi, hatua ambazo kwazo seli hupata nguvu kutoka kwenye chakula. Mzunguko huo Hans Krebs aliutambua mwaka 1937 baada ya miaka ya kazi, wewe unapewa dakika 50. Hakuna anayeuelewa ndani ya dakika hizo. Wanaoonekana wameelewa wameurudia jioni, au walisoma kabla ya kuingia.

Tatu, na hili ndilo linaloumiza zaidi: hakuna anayekufuata. Shuleni mwalimu alijua hujafanya zoezi. Hapa unaweza kukosa vipindi vya wiki mbili na hakuna atakayeuliza uko wapi. Ugumu wa mada sijawahi kuuogopa kama ninavyoogopa ukimya huo. Ndiyo maana nasisitiza kikundi, tazama swali la 9.

7. Nisome saa ngapi kwa siku?

Kuna jibu la hesabu. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada una krediti zisizopungua 120. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki kama 30 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki, ukijumlisha lekcha, semina, maabara na kujisomea. Ikiwa ratiba yako imeshabeba saa 25, zako binafsi ni 15. Saa mbili kila siku na kidogo ya ziada. Udaktari unadai zaidi ya hapo.

Kwa hiyo anayejisifu kwamba anapiga msuli hadi alfajiri kila siku, muulize alianza lini. Mara nyingi ameanza wiki moja kabla ya mtihani. Saa mbili za leo, kesho na keshokutwa zinamshinda anayekesha Ijumaa, na anayelala usingizi wa kutosha hukumbuka alichosoma.

8. Kiingereza cha mhadhiri kinanipita. Nitafanyaje?

Tumesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, ni kweli, lakini kusoma kitabu ni tofauti na kumsikiliza mtu anayeongea kwa kasi kwenye ukumbi wenye mwangwi. Usione aibu. Soma vichwa vya mada usiku kabla ya kipindi ili maneno mapya uyakute umeshayaona. Darasani andika neno usilolijua jinsi ulivyolisikia, hata kama tahajia ni mbovu, uliulizie baadaye.

Halafu jadili kwa Kiswahili. Ukiweza kumweleza mwenzako kwa Kiswahili jinsi kimeng'enya kinavyoshika kitu kinachokivunja, kisha kikakiachia na kurudi kilivyokuwa, umeelewa. Ukishaelewa, kuandika kwa Kiingereza ni kazi ya mazoezi tu: jibu swali moja kwa maandishi kila siku, aya moja. Wanaojadili kwa Kiingereza cha kukariri huweza kutamka kila neno na wasijue kinachotokea ndani ya seli.

9. Madesa (notisi za kunakili kutoka kwa waliotangulia) na mitihani iliyopita vinatosha?

Kwa kupata pasi kwenye baadhi ya kozi, pengine. Kwa kuwa mtu atakayesoma sampuli ya damu ya mgonjwa, hapana. Lakini sisemi uyatupe. Yatumie kujipima.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena na tena, jingine lilisoma kisha likafunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Hapo ndipo kusoma dakika za mwisho kunapotudanganya. Ukitoka kwenye daftari unajiona umeiva, na siku ya mtihani halipo.

Kwa vitendo: funga daftari, chukua karatasi tupu, chora mzunguko wa damu kwenye moyo kwa kumbukumbu. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia baada ya siku tatu. Kikundi cha watu wanne kinafaa, kila mmoja amepewa mada ya kuwafundisha wengine. Wakifika saba mnapiga soga.

10. Nimeingia kwa diploma, sikupita kidato cha sita. Nitawaweza?

Maabara utawazidi, kemia na hesabu watakuzidi. Tafuta mmoja wao mbadilishane mapema. Urafiki wa namna hiyo niliuona ukiwapeleka wawili hadi mwaka wa mwisho.

## Maabara

11. Kwa nini nakatwa alama kwenye ripoti wakati jibu langu ni sahihi?

Kwa sababu ripoti inapima ulivyofika. Bureti ya kawaida, ile bomba ya kioo ya kupimia kimiminika, husomwa hadi nafasi mbili za desimali, hivyo ukiandika 24.3 badala ya 24.30 umemwambia msomaji kwamba hukuangalia vizuri. Ukiandika 24.3167 kwa sababu ndivyo kikokotoo kilivyotoa wastani, umedai usahihi ambao kifaa chako hakina. Vipimo bila vizio, grafu bila majina ya mihimili, njia iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye mwongozo: hivyo ndivyo vinavyokula alama.

Andika namba moja kwa moja kwenye daftari, usiandike kiganjani wala kwenye karatasi ya pembeni. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke, kisha andika sahihi kando.

12. Jaribio langu limetoa namba tofauti na za wenzangu wote. Nibadilishe?

Usibadilishe. Naomba hapa unisikilize vizuri.

Muhula wangu wa kwanza tulipima ukolezi wa asidi, na namba zangu zilikuwa mbali na za meza zote. Jirani yangu akaniambia andika kama sisi, mtaalamu wa maabara hatajua. Nikaandika. Wiki iliyofuata ilitangazwa kwamba chupa za meza zile zilikuwa zimejazwa myeyusho wenye ukolezi tofauti makusudi, na meza yangu ilikuwa na wake. Namba nilizozifuta ndizo zilizokuwa sahihi. Sikupewa adhabu kubwa, lakini nilikaa nikifikiria siku ambayo sampuli itakuwa ya mtoto mwenye homa, nami niandike kama wenzangu.

Namba ikikushangaza, iandike ilivyo. Rudia kipimo kama muda upo. Kisha kwenye sehemu ya majadiliano eleza kinachoweza kuwa kimetokea: pengine kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, pengine pipeti haikusuuzwa kwa myeyusho wenyewe, pengine ulipitiliza pale rangi inapobadilika. Msahihishaji mzuri hutoa alama kwa maelezo hayo. Na asipotoa, bado umejifunza kazi yako.

13. Naogopa maiti za somo la anatomia. Je, nimekosea kozi?

Hapana. Wengi hupata kizunguzungu siku ya kwanza, na sehemu yake ni harufu ya formalini inayochoma macho na pua. Kula kidogo kabla ya kuingia, usiingie na njaa, simama karibu na dirisha, na ukihisi unaishiwa nguvu kaa chini bila kuona aibu. Baada ya wiki chache jicho linaanza kuona misuli na mishipa.

Heshima ibaki. Huyo alikuwa mtu, ana kwao. Hakuna picha wala utani. Anayekwenda na dua moyoni mwake aende nayo.

## Tesiti, sapu na GPA

14. Nimefeli tesiti ya kwanza. Je, ndiyo mwisho?

Nilipata 11 kati ya 30 kwenye fiziolojia. Niliikunja karatasi nikaiweka chini ya godoro, nikaacha kwenda kwenye kipindi hicho kwa siku kumi. Nilijiambia wote wamefaulu. Rafiki mmoja alikuja kugonga, akakaa kitandani, akaitoa yake mfukoni: 9. Tulipowauliza wengine tulikuta karibu nusu ya darasa wamekunja karatasi zao.

Kwa hiyo, leo hii, si kesho: itoe karatasi. Pitia kila swali ujue ulikosa kwa sababu ipi. Hukusoma? Ulisoma ukasahau? Ulijua ila hukuelewa swali? Kila sababu ina dawa yake. Kisha mwendee mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi. Msalimie, taja jina lako na kozi, mwonyeshe swali moja mahususi na useme umekwama mstari gani. "Sielewi chochote" humpa kazi isiyo na mlango wa kuingilia. "Nimekwama hapa" hujibiwa kwa dakika tano.

Tesiti moja ni sehemu tu ya kosiwaki (alama za kazi za muhula), na kosiwaki nayo ni sehemu tu ya alama ya mwisho, mara nyingi 40 kwa 100. Hesabu unachohitaji kwenye mtihani mkuu kabla hujakata tamaa. Mimi niliimaliza kozi ile na B.

15. Sapu, kari na disko ni nini hasa?

Sapu ni mtihani wa marudio kwa kozi uliyofeli, hufanywa kabla ya mwaka mpya kuanza. Kwa kawaida, hata ukipata alama za juu kwenye sapu, unaandikiwa daraja la kupita tu. Kari ni kuibeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata, ukiifanya pamoja na za mwaka wa pili. Disko ni kuondolewa masomoni kwa kushindwa kufikia kiwango. Idadi ya sapu inayovumilika na wastani unaomwondoa mtu vimeandikwa kwenye kanuni za chuo chako. Usikubali vya kusikia korido.

Aliyepata sapu asiende nyumbani akasahau daftari. Wiki za likizo ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Soma kama ilivyo kwenye swali la 9.

16. GPA (wastani wa alama) ya mwaka wa kwanza ina uzito gani?

Ule ule wa miaka mingine, krediti kwa krediti. Katika kipimo cha 5, shahada nyingi hupangwa hivi: daraja la kwanza kuanzia 4.4, la pili la juu kuanzia 3.5, la pili la chini kuanzia 2.7, na kufaulu kuanzia 2.0. Udaktari haupangwi kwa madaraja hayo. Kozi yenye krediti 12 inakuvuta kuliko ya krediti 6, hivyo panga muda kwa kuangalia krediti, usivutwe na ile unayoipenda.

## Ziwa, afya na mwili

17. Naweza kuogelea ziwani?

Nimelelewa kwenye maji hayo na bado nakuambia usifanye hivyo ufukweni penye nyasi na maji yaliyotuama. Kichocho cha tumbo kipo. Viluwiluwi vya *Schistosoma mansoni* hutoka kwa konokono wadogo wa jamii ya *Biomphalaria* na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Minyoo waliokomaa huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo.

Ikiwa umeshaingia, au ulikulia kisiwani kama mimi, nenda kapime choo. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, na huua minyoo wakubwa vizuri kuliko wachanga. Ndiyo sababu mtaalamu anaweza kukuambia urudi baada ya wiki kadhaa. Mara ya kwanza nilipoliona yai lile lenye mwiba ubavuni kwenye hadubini, nililikuta kwenye sampuli yangu mwenyewe. Somo la parasaitolojia sikulisahau tena.

18. Nikiumwa siku ya mtihani?

Usiingie ukumbini ukitetemeka kwa malaria halafu uombe huruma baadaye. Nenda zahanati ya chuo au hospitali kabla ya mtihani, pata karatasi ya daktari, na mtaarifu mkuu wa idara siku hiyo hiyo, hata kupitia kiongozi wa darasa. Kuahirisha mtihani kwa kibali kunakuruhusu kuufanya baadaye kama mara ya kwanza, na alama zako kamili. Ukiingia ukafeli, hiyo ni sapu. Kata bima ya afya unaposajiliwa, na lala kwenye chandarua hata kama hosteli ina joto.

## Hali za pekee

19. Mimi ni Msabato. Mtihani ukipangwa Jumamosi?

Kanda hii ina Wasabato wengi, kwa hiyo si wewe wa kwanza. Mara ratiba ya awali inapobandikwa, usisubiri ya mwisho, andika barua kwa ofisi ya mitihani kupitia mshauri wa wanafunzi, ukiambatanisha barua ya kanisa. Andikeni wote kwa pamoja ikiwa mko kadhaa. Ratiba ya awali huwekwa ili watu waseme. Vyuo hutofautiana katika kuitikia, na anayekuja siku tatu kabla huwa amechelewa popote. Waislamu wanaogongana na maabara za Ijumaa mchana wafuate njia hiyo hiyo, kwa kuomba kubadilishiwa kundi.

20. Mhadhiri ananitaka kimapenzi ili anipe alama. Nimwambie nani?

Kwanza, huna kosa. Pili, hilo ni jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono wazi wazi. Hifadhi ujumbe wote, usifute hata unaokutia kichefuchefu. Usiende ofisini peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kisha mshauri wa wanafunzi au dawati la jinsia kama chuo kinalo. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Kaka nao hukutwa na haya, na njia ni hizo hizo.

21. Kozi niliyopangiwa sikuitaka. Nivumilie au nihame?

Jiulize kwanza unachokikimbia ni kozi au ni muhula wa kwanza. Soma swali la 6 na la 14 halafu urudi hapa. Wengi niliowasikia Novemba wakisema wanahama, Machi walikuwa wanabishana kuhusu bakteria.

Lakini wapo ambao kweli njia si yao, na kuwalazimisha ni kuwapotezea miaka. Kama ni wewe, usiache kuhudhuria wakati unaamua, maana matokeo yako ya sasa ndiyo yatakayotazamwa. Hakikisha ufaulu wako wa kidato cha sita unatimiza vigezo vya kozi unayoitaka, zungumza na mkuu wa idara unayotoka na ya unakokwenda, na ulizia tarehe za dirisha la uhamisho wiki hiyo hiyo. Dirisha hilo hufunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka wa masomo na hufungwa haraka. Mwenye mkopo aitaarifu pia ofisi ya mikopo ya chuo kabla hajasaini chochote, kwa sababu kozi ikibadilika, ada na kiwango cha mkopo vinaweza kubadilika.